Bingwa akibeba ligi na FA, Ngao ya Jamii anacheza na nani?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro: "Kaka habari za kazi. Hapa kijiweni tumebishana mpaka tumenuniana. Timu moja ikibeba ligi na Kombe la FA msimu huohuo, kwenye Ngao ya Jamii inacheza na nani? Mimi nasema wa pili kwenye ligi, jamaa yangu amekomaa kwamba ni yule aliyefungwa fainali ya FA. Na hii Ngao ni kombe kweli au ni bonanza tu la kufungulia msimu? Halafu eti anayeibeba ndiyo anachukua ubingwa, kweli hiyo?"

Nzuri ndugu yangu, poleni na kununiana. Acheni kwanza kununa maana wote wawili mna ushahidi, wewe unao wa 2022 na jamaa yako anao wa 2020, na hapo ndipo shida yenyewe ilipo.

Twende taratibu. Kwa maelezo ya kawaida ambayo kila mtangazaji anayasema, Ngao ya Jamii ni mechi ya bingwa wa Ligi Kuu na bingwa wa Kombe la Shirikisho, ile tuliyozoea kuiita FA. Maelezo mazuri, mafupi, yanaeleweka. Sasa kaa chini na daftari uhesabu ni mara ngapi imetokea hivyo hapa kwetu. FA ilirudi msimu wa 2015/16, kabla ya hapo kwa miaka mingi hakukuwa na hilo kombe kabisa kwa hiyo Ngao ilikuwa inachezwa na bingwa na wa pili wake, ndiyo maana 2012, 2013, 2014 na 2015 unaona Azam yumo kila mwaka, mara kama bingwa mara kama mshindi wa pili. FA imerudi, msimu wa kwanza tu Yanga akabeba vyote viwili. 2020 Simba akabeba vyote. 2021 Simba tena. 2022 Yanga, 2023 Yanga, 2024 Yanga, 2025 Yanga. Ukitoa hiyo miaka unabaki na mitatu tu, 2017 Yanga bingwa wa ligi na Simba bingwa wa FA, 2018 Simba na Mtibwa Sugar, 2019 Simba na Azam. Basi. Mechi tunayoieleza kila Agosti kama ya bingwa na bingwa imechezwa hivyo mara tatu, tena mfululizo, kisha ikapotea. Kwa hiyo swali lenu la kijiweni ambalo mtu angedhani ni la mara mojamoja, ndiyo hali ya kila mwaka.

Sasa tuone waandaaji walifanyaje kila lilipotokea. 2016 halikuwa na ubishi kwa sababu Azam alikuwa wa pili kwenye ligi na ndiye huyohuyo aliyefungwa na Yanga 3-1 fainali ya FA, ukipita njia yako au njia ya jamaa yako unamkuta Azam. Akaingia, akawa nyuma 2-0 kwa mabao ya Donald Ngoma, akarudisha zote mbili kisha akabeba kwa penalti. 2021 pia hakuna ubishi, Yanga alikuwa wa pili ligi na alifungwa na Simba fainali ya FA kule Kigoma, bao moja la Taddeo Lwanga. Huyohuyo kotekote.

Ubishi unaanza 2020. Simba bingwa wa ligi, Yanga wa pili, lakini fainali ya FA pale Sumbawanga Simba alimfunga Namungo 2-1. Ngao ikapelekwa Arusha, Sheikh Amri Abeid, na aliyepanda basi kwenda kucheza na Simba ni Namungo, sio Yanga. Hapo jamaa yako anacheka. Namungo wa Ruangwa, ndiyo kwanza msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, amefika fainali na amepewa heshima ya kufungua msimu. Akafungwa 2-0, sawa, lakini alikuwepo.

Haya njoo 2022. Yanga bingwa wa ligi bila kupoteza mechi, Simba wa pili. Fainali ya FA Arusha, Yanga na Coastal Union, na kama uliiona ile mechi hujaisahau maana kijana Abdul Suleiman, Sopu, aliwafunga Yanga mabao matatu peke yake, gemu ikaenda mpaka dakika 120 ikiwa 3-3, Yanga akaponea kwenye penalti. Kwa kipimo cha 2020 Coastal ndiye angecheza Ngao. Hakucheza. Agosti 13 pale kwa Mkapa walikuwa Yanga na Simba, Sakho akatangulia kuwafungia Simba, kipindi cha pili Mayele akapiga mbili, 2-1, mji ukawaka. Hapo unacheka wewe.

Kwa nini Namungo alifaa na Coastal hakufaa? Jibu la kikanuni ni kwamba nafasi ya pili haina mwenyewe mpaka mwandaaji aitaje kwenye kanuni za msimu husika, TFF, yaani shirikisho la soka la nchi, na Bodi ya Ligi wakiandika wa pili wa ligi ni wa pili wa ligi, wakiandika mshindi wa pili wa FA ni huyo. Hakuna sheria ya FIFA inayowalazimisha hili wala lile. Jibu langu la kibinafsi, na hili ni la kwangu sio la mtu mwingine, ni hesabu ya mlangoni. Uwanja wa watu elfu sitini, kufungua msimu, unaweza kuweka dabi ya Kariakoo au unaweza kuweka Yanga na Coastal, sasa wewe ungekuwa mwandaaji ungelala usingizi ukichagua nini? Mimi simlaumu mtu kutafuta hela, mpira unaendeshwa kwa hela, ninachosema ni kwamba ukiamua iwe hivyo basi iwe hivyo kila mwaka, sio mwaka huu kipimo hiki mwaka ule kipimo kile.

Usidhani wenzetu Uingereza ambao ndiyo tuliwaiga walianza wakiwa wamejipanga. Ya kwao ilianza 1908, na mechi ya kwanza ilikuwa Manchester United bingwa wa ligi dhidi ya QPR bingwa wa Ligi ya Kusini, kombe la FA halikuhusika kabisa. Kuna mwaka walipambanisha wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Bingwa wa ligi na bingwa wa FA kukutana kwa mara ya kwanza ni 1921, Burnley na Tottenham. Na hili la timu moja kubeba vyote liliwachanganya vilevile, 1961 Tottenham alipobeba vyote wakamtafutia timu ya mchanganyiko iliyochaguliwa na FA yao, 1971 Arsenal kabeba vyote lakini alikuwa na ratiba yake ya kujiandaa na msimu hakuwepo kabisa, wakachukua Liverpool aliyefungwa fainali wakampambanisha na Leicester bingwa wa daraja la pili, na Leicester akabeba! Siku hizi wametulia, timu ikibeba vyote anaingia wa pili wa ligi. Ndiyo maana 2023 Manchester City alicheza na Arsenal, wakati aliyefungwa na City fainali ya FA ni Manchester United. Kwa hiyo kwa Uingereza wewe umeshinda ubishi, mwambie jamaa yako.

Ila mimi hapa nipo upande wa jamaa yako, samahani. Kombe la FA ndiyo njia pekee ambayo timu ya mkoani inaweza kukaa meza moja na hao wakubwa bila kuhitaji pointi sabini na kitu. Ukishamwambia Coastal kwamba hata ukifika fainali, hata ukimfunga bingwa bao tatu, Ngao atacheza aliyemaliza wa pili kwenye mashindano mengine, umeishusha FA mwenyewe. Na 2025 imejirudia, Singida Black Stars ndiye aliyefungwa na Yanga fainali ya FA kule Zanzibar, lakini Septemba kwenye Ngao waliitwa Yanga na Simba.

Nimeruka miwili hapo katikati maksudi, 2023 na 2024, kwa sababu ina mambo yake. Waandaaji waliona kila mwaka anayebeba vyote ni mmoja wakaamua wavunje kabisa ule mfumo, waite timu nne za juu za ligi, nusu fainali mbili na fainali. Hispania walishafanya hivyo, Januari 2020 Super Cup yao ilichezwa Jeddah ikiwa na timu nne, na Italia nao wakafuata. Tatizo sikuona kwenye idadi ya timu, nililiona kwenye upangaji. Kawaida ukiwa na timu nne wa kwanza anacheza na wa nne, wa pili na wa tatu, ili aliyefanya vizuri apate nafuu kidogo. Huku wakapanga wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. 2023 ilipita kimya maana wa tatu alikuwa Azam, kwa hiyo Mkwakwani Tanga Yanga akamtoa Azam 2-0, Simba akamtoa Singida Fountain Gate kwa penalti, na dabi ikawa fainali, kila mtu akafurahi. 2024 Simba akamaliza wa tatu. Kanuni ileile, dabi ikaangukia nusu fainali! Agosti 8 Maxi Nzengeli akafunga, Simba nje, Azam akampiga Coastal Union 5-2 Zanzibar, fainali ikawa Yanga na Azam. Sasa fikiria, bingwa wa nchi kwa kuwa bingwa anapewa mtani wake, wa pili anapewa wa nne. Hiyo ni zawadi au adhabu? Hata hivyo Yanga hakujali, fainali Azam alitangulia kufunga, ikaisha 4-1, Prince Dube akiwafunga waajiri wake wa jana. Na 2025, Agosti yote ikiwa imechukuliwa na CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ambayo sisi, Kenya na Uganda tulikuwa wenyeji, muda wa kucheza mechi nne haukuwepo, tukarudi kwenye mechi moja.

Swali la pili, kombe au bonanza. Ni mechi ya mashindano, ina kanuni zake, ina waamuzi waliopangwa, ina medali, mshindi anaandikwa kwenye vitabu. Sio Wiki ya Mwananchi ya Yanga wala Simba Day, yale matamasha ya klabu ambapo unaalika mgeni unafanya mabadiliko ya wachezaji kumi na mmoja na msanii anasubiri kupanda jukwaani. Ila ukiniuliza uzito, uzito wake hauwezi kuwa sawa na wa ligi. Ligi unacheza mechi 30, Morogoro kwenye mvua, Songea, Bukoba, Mbeya, Ngao unacheza dakika tisini, na zikiisha sare hakuna cha nyongeza mnaenda moja kwa moja kwenye penalti. Tangu 2010 mpaka 2024, miaka kumi na mitano, mara tano Ngao imeamuliwa kwa penalti. 2023 fainali Yanga na Simba 0-0, kipa Ally Salim akadaka tatu, Simba akabeba 3-1. Huwezi kuniambia dakika kumi za Ally Salim zilipima nani bora msimu mzima. Zilimpima Ally Salim na alifaulu sana.

Kwa hiyo mtu akikwambia klabu yetu ina makombe kadhaa muulize kwanza kaweka Ngao ngapi humo ndani. Mourinho alikuwa hodari wa hesabu hiyo, 2016/17 na Manchester United aliijumlisha na Ngao akasema makombe matatu. Hapa kwetu wasemaji wa klabu wamejifunza vizuri tu.

Kitu kimoja watu hawakiangalii ni kalenda. Ngao kwa kawaida inakaa siku chache kabla ya mechi za awali za mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, 2024 Yanga kacheza fainali Agosti 11, Agosti 17 yupo na Vital'O ya Burundi kwenye Ligi ya Mabingwa, akashinda 4-0. Kocha mwenye akili anaitumia Ngao kama kipimo cha mwisho, anaangalia beki mpya anasimamaje na mwenzake wakipigwa presha, nani anapiga faulo, nani pumzi imekata dakika ya 60. Mechi za kirafiki hazikupi hiyo kwa sababu hakuna anayekukata mtama kwa dhati. Dabi inakupa. Ukitaka kuiangalia kitaalamu achana na matokeo, angalia dakika ishirini za mwisho, timu iliyojiandaa vibaya huko ndiko inakojionyesha, mistari inaachana, viungo hawarudi, mabeki wanaanza kupiga mipira mirefu isiyo na mtu.

Na kuna Ngao ya 2021, ambayo mimi naiona ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote za karibuni. Yanga kaingia kwenye ile mechi ya Septemba 25 akiwa ametoka kutolewa Ligi ya Mabingwa Afrika na Rivers United ya Nigeria, kafungwa 1-0 Dar, kafungwa 1-0 kwao, siku sita tu nyuma. Miaka minne hajabeba ligi. Simba kabeba minne mfululizo, ana Ngao nne mfululizo. Kocha Nabi alikuwa na kikosi kipya karibu chote, na mitaani walishaanza kusema wale Wakongo wameletwa kwa dalali. Dakika za mwanzo tu Mayele akafunga, Yanga akalinda mpaka mwisho. Bao moja. Msimu ule wakacheza ligi mechi 30 bila kupoteza hata moja, 22 wameshinda, 8 sare. Sisemi Ngao ndiyo iliyofanya hivyo, lakini wachezaji wageni waliokuja wakiambiwa Simba hafungiki walipata jibu kabla ligi haijaanza, na Simba mwezi mmoja baadaye katolewa kwenye ligi hiyohiyo ya Afrika na Jwaneng Galaxy ya Botswana, kocha wake Gomes akaondoka.

Ambapo tunafika kwenye swali lako la tatu, eti anayebeba Ngao ndiyo bingwa. Nilitaka kukwambia ni imani za vijiweni, nikahesabu, hesabu ikanibana. Kuanzia Ngao ya 2010 mpaka ya 2024 aliyebeba Ngao alimaliza bingwa wa ligi mara kumi na moja kati ya kumi na tano. Waliobeba wakakosa ni Simba 2012, Yanga 2013 (ubingwa akachukua Azam), Azam 2016 na Simba 2023. Nne tu! Na cha kushangaza zaidi, bingwa mtetezi anayeingia na taji lake kapoteza Ngao mara saba katika hizohizo kumi na tano, karibu nusu kwa nusu. Yaani ubingwa wa mwaka jana hausaidii sana siku hiyo, lakini matokeo ya siku hiyo yanaelekea kule ligi itakakoenda.

Kabla hujakimbia nayo kijiweni, punguza mori kidogo. Katika misimu hiyo kumi na tano ligi imebebwa na timu tatu tu, Yanga, Simba, na Azam mara moja. Ukichagua mmoja wa wawili kwa macho yamefungwa tayari una nafasi nzuri ya kupatia. Na Ngao yenyewe inachezwa na haohao. 2014 Yanga wa kocha Maximo alimpiga Azam 3-0, Mbrazili Jaja akafunga mbili, watu wakaapa huyu ndiye, kabla mwaka haujaisha Jaja hayupo na Maximo naye hayupo. Ubingwa Yanga alichukua kweli lakini kwa kocha Pluijm na kwa mabao ya watu wengine, kwa hiyo kwenye jedwali langu mwaka ule umekaa upande wa "ndiyo" wakati ukiuangalia kwa karibu Ngao haikutabiri kitu chochote.

Hela za jamii hukuuliza ila nitasema kwa kifupi maana jina linabeba. Uingereza walijifunza kwa aibu, mamlaka yao ya kusimamia misaada iliona FA hawaelezi wazi ni kiasi gani cha tiketi kinaenda kwenye misaada, 2002 jina likabadilishwa kutoka Charity Shield kuwa Community Shield, na sasa mgao unajulikana, sehemu inapelekwa kwa timu 124 zilizocheza FA kuanzia raundi ya kwanza nazo zinaichangia misaada ya kwao. Huku kwetu tunaona hundi kubwa la karatasi ikikabidhiwa, picha inapigwa. Mimi ningependa kila mwaka litoke tangazo la ukurasa mmoja, mlangoni zimeingia kadhaa, kituo fulani kimepata kadhaa, tumemaliza.

Kwa ubishi wenu basi, fungueni kanuni za msimu husika muone walivyoandika nafasi ya pili, na kama mliwekeana soda basi ya 2020 mnunulie jamaa yako na ya 2022 akununulie wewe. Ya 2016 na 2021 kila mtu ajilipie.